Fimbo ni Yake, Kibali ni cha Nani?

Ilikuwa alasiri, zimesalia siku tatu tu kabla ya Idi, nami nimekaa barazani kwetu Kibokoni nikingojea adhana ya magharibi, mara mpwa wangu akatokea kichochoroni amekunja uso kama aliyemeza shubiri. Mkononi alikuwa na barua.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Una nini leo? Saumu imekupata?"

"Si saumu, mjomba. Hebu isome hii."

Nikavaa miwani yangu nikaisoma. Ilikuwa fupi, imepigwa muhuri mara mbili, na ilitoka kwa chama kinachoendesha ligi ya mchezo wa puli anayocheza kijana huyu. Ilisema kwamba mchezaji yeyote wa ligi atakayekwenda kucheza mashindano mengine siku ambazo ligi ina mechi zake, bila ya kibali cha maandishi, atafungiwa msimu mzima. Mpwa wangu alikuwa amealikwa Malindi kucheza Idi pili. Mshindi wa Malindi angepewa shilingi elfu arubaini. Ligi yake, tangu aingie, imempa fulana mbili, na nauli ya matatu pale mweka hazina anapokuwa na moyo mkunjufu.

"Sasa mimi ni mfanyakazi wao?" akaniuliza. "Hawanilipi mshahara. Fimbo nimeinunua kwa pesa zangu. Meza ya mazoezi nailipia mwenyewe. Vipi wanizuie kwenda kutafuta riziki?"

Sikuwa na jibu, nami sipendi kumjibu kijana kwa maneno ya kubahatisha. Nikamwambia aniache kwanza nitazame. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyaona.

Lakini kabla sijaendelea, najua miongoni mwa wasomaji wangu kuna masheikh, na kuna kina mama ambao watoto wao wameacha chuo kwa sababu ya meza hizi zenye kitambaa cha kijani. Nami sikatai. Puli katika mitaa yetu ina jina baya, na jina hilo halikuja bure. Ile desturi ya anayefungwa kulipia meza, masheikh wengi wameikemea kwamba ina harufu ya kamari, na pale ambapo pesa huwekwa juu ya mbao kabla ya mchezo, hapo hapana harufu tena, ni kamari yenyewe. Mpwa wangu hachezi ya namna hiyo, au ndivyo anavyoniapia. Ninayoyazungumza hapa ni mashindano ya wazi, ambapo zawadi hutolewa na mwandalizi au mfadhili, na mchezaji huishika fimbo kama vile fundi anavyoshika randa.

Naam, wako watu duniani ambao hiyo ndiyo kazi yao. Mkubwa wao ni Mfilipino aitwaye Efren Reyes, aliyezaliwa mwaka 1954 katika jimbo la Pampanga. Alipokwenda Marekani mwaka 1985 alikuwa ameshasifika mno hata hakuthubutu kutumia jina lake, kwa kuchelea kwamba hakuna atakayekubali kucheza naye. Akajiita Cesar Morales. Wamarekani wakamwona kijana mwembamba asiyejua Kiingereza sawasawa, wakadhani ni mteremko. Walipogundua, alikuwa ameshawashinda vigogo wao. Mwaka 1999 akatwaa ubingwa wa dunia wa mipira tisa mjini Cardiff, Wales.

Mtu kama huyo hana mwajiri. Hana pensheni wala likizo. Akiugua mkono, chungu hakiinjikwi jikoni. Ndiyo sababu anapoambiwa, "Usende kule, na ukienda tutakufungia," neno hilo humwingia kama kisu.

Sasa, ni nani mwenye kumwambia? Katika puli kuna chama cha dunia kiitwacho WPA, kilichoundwa mwaka 1987. Chini yake kuna mashirikisho ya mabara, na lile la Asia makao yake yako Doha, Qatar. Chama cha dunia nacho kimo ndani ya shirikisho kubwa zaidi la michezo yote ya fimbo, ambalo Kamati ya Olimpiki ililitambua mwaka 1998. Kwa hivyo anayetaka kuwakilisha nchi yake katika michezo ya bara lake hupitia mlango huo, na mwingine hapana.

Upande wa pili kuna kampuni ya Kiingereza, Matchroom, iliyoasisiwa na Barry Hearn, mtu aliyetajirika kwa kuandaa ndondi, vishale na snuka. Kampuni hii imeanzisha mzunguko wake wa mipira tisa, ina kamera zake na zawadi nono. Mwaka 2024 iliupeleka ubingwa wake wa dunia Jeddah. Zawadi zote pamoja zilifika dola milioni moja, na mshindi, Fedor Gorst, aliondoka na dola 250,000 baada ya kumpita Eklent Kaçi wa Albania kwa 15–14. Mtu mmoja pale barazani aliposikia hayo alisema, "Jeddah tunayoijua sisi ni ya kuteremkia mahujaji." Tukacheka, lakini ndivyo mambo yalivyo siku hizi.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 2023 na 2024 chama na kampuni walikuwa wakivutana juu ya nani mwenye haki ya kutoa kibali cha mashindano, na waliokanyagwa ni wachezaji. Wachezaji kadhaa wa Asia walifungiwa kwa kosa la kucheza mashindano yasiyo na muhuri wa chama. Hawakupiga mtu, hawakula rushwa, wala hawakuuza mechi. Waliingia ukumbini wakacheza.

Mtu wa Ulaya akifungiwa na chama labda hushtuka kidogo tu, kwa kuwa kampuni iko karibu naye na pesa ziko kule kule. Lakini Mfilipino ana jambo jingine la kupoteza. Nchi yake huwapa donge nono la serikali, kwa mujibu wa sheria, wale wanaorudi na medali kutoka Michezo ya Kusini Mashariki ya Asia, na huko huwezi kwenda ikiwa shirikisho limekufungia. Basi anatakiwa achague baina ya mkate wa leo na heshima ya nchi yake.

Tazama mfano wa Carlo Biado. Huyu alianza maisha yake kwa kubeba mifuko ya fimbo za gofu za matajiri. Mwaka 2017 alichukua ubingwa wa dunia mjini Doha, wakati huo michuano hiyo ikifanyika kule kwa miaka kadhaa mfululizo chini ya chama. Mwaka 2025 akauchukua tena, safari hii Jeddah, chini ya kampuni, kwa kumfunga Gorst 15–13. Mtu ni yule yule na mikono ni ile ile. Nani anaweza kusema kwamba ubingwa mmoja ni halali na mwingine ni wa haramu?

Hadi hapo nilikuwa nimeshaelemea upande wa kampuni. Nilijisemea kwamba huyu Mwingereza ndiye mkombozi wa mnyonge, na chama ni wazee wenye wivu. Kisha nikatazama mchezo wa jirani, snuka, nikakuta jambo lililonifanya nicheke peke yangu.

Mwezi Oktoba mwaka 2023 mzunguko wa snuka ulikuwa na mashindano yake mjini Belfast. Wachezaji watano mashuhuri waliona kuna maonyesho Macau, Uchina, siku zile zile, yenye malipo mazuri. Walikuwa Luca Brecel wa Ubelgiji, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, pamoja na Mark Selby, John Higgins, Ali Carter na Thepchaiya Un-Nooh wa Thailand. Belfast hakuna aliyeahidiwa kitu. Ukifungwa mapema unarudi kwenu na risiti ya hoteli. Macau unalipwa ukifika. Wakaamua kwenda Macau.

Wenye mzunguko wakawajibu kwamba wametia saini mkataba, na mkataba unawakataza kucheza kwingine bila ya ruhusa wakati mashindano ya mzunguko yanaendelea. Watano wakarudi nyuma, na maonyesho yakasogezwa hadi Desemba, wakati ambapo hayagongani na chochote. Na nani mwenye sehemu kubwa ya hisa katika huo mzunguko wa snuka tangu mwaka 2010? Ni kampuni ile ile ya Hearn!

Ikawa katika puli nyumba hiyo inasimama na mchezaji dhidi ya chama, na katika snuka nyumba hiyo hiyo ndiyo chama. Simlaumu sana. Mwenye duka hulipenda soko huria hadi siku anapofunguliwa duka jingine mlango wa pili. Lakini tangu siku hiyo sikutafuta tena nani malaika na nani shetani. Nilianza kutafuta kanuni.

Kanuni zimo mahakamani, na kesi ya kwanza wasomaji wangu wazee wataikumbuka, maana ilihusu kriketi, mchezo ambao Mombasa tuliujua kabla ya puli. Mwaka 1976 tajiri wa Australia mwenye televisheni, Kerry Packer, alinyimwa haki ya kuonyesha mechi za kriketi. Akakasirika, akawanunua wachezaji bora wa dunia kwa siri akaanzisha mashindano yake. Miongoni mwa waliocheza kwake walikuwamo Wapakistani Imran Khan, Majid Khan, Asif Iqbal, Mushtaq Mohammad na Zaheer Abbas, majina ambayo vijana wa zamani wa mjini kwetu waliyajua kwa moyo. Wakuu wa kriketi wakatangaza kwamba atakayecheza kwa Packer hatacheza tena mechi za kimataifa, na Waingereza wakataka kuwafungia hata katika timu zao za majimbo.

Tony Greig, aliyekuwa amevuliwa unahodha wa Uingereza kwa sababu hiyo, pamoja na John Snow na Mike Procter, wakaenda Mahakama Kuu ya London. Kesi ilisikizwa kwa siku 31. Novemba 1977 Jaji Slade akatoa hukumu kwamba marufuku hayo ni batili, kwa kuwa yanamzuia mtu kufanya kazi yake bila ya sababu ya kutosha. Jambo moja alilolizingatia ni hili: wachezaji wa Uingereza waliajiriwa majira ya joto tu. Kipupwe kikiingia, hawana kazi. Sasa wewe humpi mtu kazi majira ya baridi, kisha wamkataza asiende kuitafuta kwingine, kwa haki gani?

Nilipofika hapo nilikumbuka fulana mbili za mpwa wangu.

Snuka nayo imepita njia hiyo. Mwaka 2001 Stephen Hendry, bingwa wa dunia mara saba, na Mark Williams, bingwa wa mwaka 2000, walikishtaki chama cha wakati ule katika mahakama hiyo hiyo ya London. Malalamiko yao mengi yalitupwa. Lakini kanuni moja ilivunjwa, nayo ni ile iliyomtaka mchezaji aombe ruhusa ya chama kabla ya kucheza mashindano ya watu wengine. Jaji aliona kwamba chama, ambacho chenyewe huandaa mashindano, kilikuwa kinatumia kalamu yake ya kutoa ruhusa kuwazuia washindani wake wa biashara. Refa akiwa naye ana timu uwanjani, utaiamini vipi filimbi yake?

Ipo na kesi ya tatu, ambayo nitaipita haraka ingawa ina harufu ya bahari yetu. Wadachi wawili wanaoteleza juu ya barafu, Mark Tuitert na Niels Kerstholt, walitaka kushiriki mbio zilizopangwa kufanyika Dubai mwaka 2014. Chama cha dunia cha mchezo huo kiliwatishia wachezaji kwa kufungiwa maisha, kikitaja wasiwasi wa kamari, kwa sababu waandalizi walikuwa na mipango ya kuhusisha mbio zao na mchezo wa pata-potea. Mbio zenyewe hazikufanyika. Wanariadha wakapeleka mashtaka kwa Tume ya Ulaya, na tarehe 21 Desemba 2023 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba chama chenye uwezo wa kuruhusu na kukataza, na wakati huo huo kinafanya biashara ya mashindano, hakiwezi kutumia uwezo huo bila ya masharti ya wazi, ya haki, na yanayojulikana kabla. Angalia vizuri: mahakama haikusema kwamba vyama visiwe na kibali. Wasiwasi wa kamari nami nauafiki, tena kwa mikono miwili. Lakini sababu njema haiwi ruhusa ya kumfunga mtu maisha kwa kanuni aliyoitunga mpinzani wake.

Nisije nikaonekana nimewatetea wachezaji kama wakili aliyelipwa, wacha niseme na ya upande wa pili, kwa sababu yapo na yana uzito. Mwaka 2005 tajiri wa Kimarekani, Kevin Trudeau, alianzisha mzunguko wa mipira minane uitwao IPT akaahidi fedha ambazo mchezo huo haukupata kuziona. Mwaka 2006, mjini Reno, Efren Reyes yule yule alishinda zawadi ya dola 500,000. Picha zilipigwa, mikono ikashikwa. Kisha ikawa fedha hazipo. Washindi wakaanza kulipwa vipande vipande, kidogo leo, kidogo mwezi ujao, na mzunguko ukazimika kama mshumaa penye upepo. Trudeau mwenyewe alifungwa jela miaka kumi mwaka 2014, kwa mambo mengine ya kudharau amri ya mahakama kuhusu kitabu chake cha kupunguza unene. Sisi tuliosoma vyuoni tunajua tulivyohimizwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Chama, pamoja na ubaya wake wote, hubaki mahali pake asubuhi ukija kudai. Tajiri apitaye huondoka na hema lake.

Na kuna hoja ya wadogo. Mashindano ya Belfast yanaonyeshwa katika televisheni kwa sababu bingwa yupo. Bingwa akienda Macau, mfadhili naye anaondoka, na anayeumia ni yule kijana wa chini anayetegemea mzunguko uwepo ili apate pa kuchezea. Tangu msimu wa 2022 wenye snuka humhakikishia kila mchezaji wa mzunguko pato lisilopungua pauni 20,000 kwa msimu. Fedha hiyo haitoki mbinguni. Anayempa mwenzake kitu kama hicho ana haki ya kumwambia, "Basi nawe usiniache siku ya harusi yangu."

Hapo ndipo nilipoiona tofauti. Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba yao, nami siwezi kumwambia kijana avunje ahadi kwa shilingi elfu arubaini. Wale watano wa snuka walitia saini, walipewa kitu, na walirudi. Lakini mkataba ni wa watu wawili. Barua inayotoka upande mmoja, isiyompa mtu chochote na inayomnyima riziki yake, hiyo ni mkataba au ni amri ya liwali? Hapa kwetu Kenya tunayo sheria, Sura ya 24 ya sheria zetu, inayohusu mikataba ya kumzuia mtu kazi au biashara yake. Haisemi kwamba kila kizuizi ni batili. Inaiachia Mahakama Kuu itazame kama kizuizi ni cha haki kwa pande zote mbili na kwa watu wote, kisha iamue. Sijui kama kuna mchezaji wa puli atakayepanda ngazi za mahakama kwa ajili ya fulana, maana wakili naye hula.

Nilimwita mpwa wangu usiku ule baada ya tarawehe, nikamuuliza swali moja tu.

"Ulitia saini kitu chochote ulipoingia katika ligi?"

"Nilijaza fomu, mjomba. Jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu."

"Imo habari ya kutocheza kwingine?"

"Hapana. Hiyo imekuja na barua hii."

"Na mechi yenu ya Idi pili, mnacheza na nani?"

Akasita kidogo. "Na timu ya mkiani. Hata wasiponiona tutashinda. Lakini mwenyekiti anasema mfadhili mpya atakuja kutazama, na anataka wachezaji wote wakubwa wawepo."

Basi huko ndiko kulikokuwa na moshi. Nilimshauri afanye mambo mawili: amwandikie mwenyekiti kwa heshima aombe ruhusa, ijapokuwa haamini kwamba anatakiwa kuiomba, na katika barua hiyo hiyo aulize mfadhili mpya atawapa wachezaji nini. Tuliiandika pamoja pale barazani. Yeye alitaka kuweka maneno makali, mimi nikayafuta. Akayarudisha mawili, nikamwachia.

Jibu halikuja. Idi mosi alikula pilau kwetu, akawabusu mikono wazee wote, akapewa na idi ijapokuwa ana ndevu. Idi pili alfajiri alipanda basi la Malindi na fimbo yake ndani ya mfuko mrefu, mama yake akidhani ni mwavuli. Alifungwa nusu fainali. Amerudi na shilingi elfu nane, na jana amenionyesha simu yake: mwenyekiti amemtumia ujumbe kwamba kamati itakutana Ijumaa, na kwamba anatakiwa aje na ile fomu aliyojaza.

"Fomu wanayo wao, mjomba," akaniambia. "Mimi sikupewa nakala."